Ugonjwa Uliopita Mrima

Bagamoyo ikitajwa, wengi hukumbuka pembe, misafara na minyororo. Juma hili tumzungumzie msafiri mwingine wa njia zile, ambaye hakulipa ushuru kwa liwali yeyote: kipindupindu.

Mwaka 1869 ugonjwa huo haukuletwa na jahazi. Ulitoka bara, ukapita nchi ya Wamasai, ukashuka Pangani, ukaenea Mrima na kuvuka hadi Unguja kabla ya mwaka kwisha. Tunayajua hayo kwa sababu daktari mmoja wa Unguja, James Christie, aliwahoji watu wa misafara, akaifuatilia safari ya ugonjwa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu. Wengi siku hizo walilaumu hewa mbaya. Yeye aliangalia visima: vifupi, vimechimbwa kati ya nyumba, jirani na vyoo. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya Chemchem kwa mfereji. Kwa maoni yangu, tendo hilo liliokoa wengi kuliko hirizi na dawa zote za wakati ule.

Dar es Salaam nayo ilijifunza, lakini nusu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, ulioko Bagamoyo, mwaka 1976. Maji yanaingia mjini. Je, yanatokaje? Hapo ndipo tulipolala. Mabomba ya majitaka yanawafikia wakazi wachache. Walio wengi wanatumia vyoo vya shimo. Mvua kubwa ikinyesha wapo wanaovitapisha usiku, na yote hayo huishia Msimbazi. (Anayetapisha hunywa maji ya wapi, sijui!)

Mto huo unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti penye machinjio na mabwawa ya majitaka, kisha Kigogo na Jangwani, hadi kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Maji ya bahari yakijaa, uchafu hurudishwa nyuma badala ya kutoka. Bondeni humo humo watu hulima mchicha, na bomba likikauka hurudi kwenye visima vifupi, vile vile alivyovitazama Christie.

Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni, kikasambaa karibu nchi nzima na kuvuka tena hadi Zanzibar. Zaidi ya watu 20,000 waliugua.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Daraja jipya la Jangwani litapigwa picha na kila mtu, na si vibaya, maana mafuriko pale yametutesa. Mimi nitauliza habari za mashimo ya Vingunguti na Kigogo: nani atayanyonya, kwa bei gani ambayo mpangaji wa chumba kimoja anaiweza, na gari litapita wapi katika vichochoro vile?