Boriti na Upana wa Chumba

Mgeni aingiapo Mji Mkongwe wa Unguja husimama mlangoni akastaajabia nakshi. Ni haki yake. Lakini siri ya nyumba i juu ya kichwa chake. Boriti za mikoko hazibebi dari nzito ya mawe na chokaa zikizidi mita tatu hivi. Basi mkoko ndio ulioamua upana wa chumba: tajiri aliweza kuongeza urefu, na zidaka na nakshi apendavyo, upana hakuuweza. (Nami naviona vyumba hivyo vyembamba kuwa vizuri kuliko kumbi za leo.) UNESCO iliuorodhesha mji huu mwaka 2000, hata hivyo boriti zingali zinang'olewa, zege ikamwagwa, ukuta wa kati ukabomolewa ili chumba kipanuke, na kuta za matumbawe zilizosalia zikabebeshwa mzigo zisiojengewa.