Tabora kwa mguu: bandari isiyo na bahari

Wikiendi hii vitabu nimevipa likizo, nikauzunguka mji kwa mguu. Wageni wengi wakifika Tabora hupelekwa moja kwa moja Kwihara kuona tembe la Livingstone, wanapiga picha, wanageuza. Mimi nikaanzia Mtendeni.

Hebu lisikilize jina lenyewe. Mtende si mti wa pori letu la miombo, ni mti uliokuja na watu. Hata miembe tunayojikinga jua chini yake asili yake ni Asia, ikaja huku kupitia pwani. Watu husimulia kwamba kokwa zilidondoshwa na wapagazi njiani. Ukitembea chini ya miembe ile ni kama unatembea ndani ya msafara.

Na msafara ndio ulioujenga mji huu. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, palikuwa panaitwa Kazeh. Ilikuwa bandari kamili, ila bahari ndiyo haipo! Njia moja inakwenda Ujiji, nyingine Karagwe hadi Buganda, nyingine inashuka kuelekea Katanga. Zinaingia shanga, bunduki na nguo za merikani, zinatoka pembe za ndovu. Na watumwa pia, hilo tusilifiche.

Ila jamani tusichanganye mambo. Tumezoea kudhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wanapatana ujira, mzigo wa kilo 30 hivi begani, miezi miwili au mitatu hadi pwani. Wakionewa, wanautua mzigo chini na kuondoka. Kwa lugha ya leo, wanagoma.

Watawala nao hawakulala. Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alitaka wafanyabiashara wa Kiarabu walipe ushuru. Wakapigana naye, wakamng'oa, wakamweka Mkasiwa. Mwaka 1871 Mirambo akaishambulia Tabora, sehemu ya mji ikaungua. Januari 1893 Wajerumani walipovunja boma la Isike, mtemi yule alilipua ghala la baruti akiwa ndani badala ya kutekwa. Ukikaa chini ukafikiri, ugomvi mwingi ulikuwa huo huo: nani mwenye njia, na nani ale ushuru wake.

Sasa turudi Kwihara. Livingstone alikaa pale mwaka 1872, kwanza na Stanley, kisha peke yake hadi Agosti akisubiri wapagazi. Mwaka uliofuata alifariki kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakaubeba. Walipofika hapa Unyanyembe, mwishoni mwa 1873, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike huku huku. Wakakataa kata kata, wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Yaani mzungu alipitishwa hapa mara ya mwisho akiwa mzigo, na wenye uamuzi walikuwa wabebaji. Ila jina linalotajwa ni la aliyebebwa.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, biashara ya mabega ikaisha. Kazi ya miezi ikawa ya siku. Tukabaki na miembe na majina ya mitaa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya kati, Kwihara ikiwemo, kwenye orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO yawe urithi wa dunia. Safi sana. Lakini urithi wenyewe hauko ndani ya tembe moja tu. Kila mwembe wa zamani unaokatwa kupisha fremu za maduka, ukurasa mmoja unachanika. Kwa hiyo ukiwa na Jumamosi tupu, acha bodaboda, vaa raba, uliza wazee majina ya mitaa yametoka wapi. Na wewe mdau, mtaa wenu unaitwaje, na nani aliuita hivyo?