Kisigino Kwapani: Historia ya Bega Lililotoka

Jumapili moja kwenye kiwanja cha mtaa wetu, kipa aliruka kudaka kona akaanguka vibaya, mkono ukiwa juu ya kichwa. Alipoinuka, bega lilikuwa limebadilika umbo. Ule mviringo wa kawaida haukuwepo, na mahali pake palikuwa na pembe kali kama ya meza. Kabla refa hajafika, beki mmoja mkubwa alikuwa ashavua kiatu. Akakaa chini, akaweka kisigino kwapani mwa kipa, akashika mkono kwa nguvu zote, akavuta.

Bega lilirudi. Tukapiga makofi, mechi ikaendelea. Lakini kwa miezi kipa alikuwa na ganzi pembeni mwa bega, na hadi leo mkono wake hauinuki kama zamani.

Mimi nilikuwa kati ya waliopiga makofi. Ndiyo maana nilienda kusoma, na nikapata kwamba yule beki hakujitungia kitu. Alikuwa anafuata kitabu, ni vile tu kitabu chenyewe kina zaidi ya miaka 2,000.

Hebu kwanza tuulize kwa nini bega hutoka hivyo. Kiungo cha nyonga kimekaa kama yai ndani ya kikombe kirefu. Bega ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na sehemu inayogusa kile kisahani cha kombe la bega kwa wakati mmoja ni kama robo yake tu, ama theluthi ukizidisha. Kinachokishikilia si mfupa. Ni kano, ukingo wa gegedu, na misuli minne midogo inayozunguka kichwa hicho kama vidole vinne. Ndiyo maana unaweza kujikuna mgongo, kupaka rangi dari na kurusha jiwe, lakini pia ndiyo maana bega huongoza viungo vyote vikubwa vya mwili kwa kutoka mahali pake.

Na hii biashara ya uhuru kwa hatari ni ya zamani, na sehemu ya ushahidi iko hapa kwetu. Mwaka wa 1984, Kamoya Kimeu alipata kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wachimbaji walipoendelea wakapata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Dunia inamwita Kijana wa Turkana. Mabega yake yamezua ubishi mkali. Mwaka wa 2013, kikundi cha watafiti kiliandika kwamba bega la kurusha kwa kasi, lenye kano zinazojivuta na kufyatuka kama manati, lilikuwa tayari limekamilika kwa jamaa zake karibu miaka milioni 2 iliyopita. Wengine wanasema zii, bega lake lilikuwa bado limekaa tofauti na letu. Ila wote wanakubaliana kwamba bega letu lilibadilika polepole, likawa chombo cha kurusha. Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka wa 2015 akawa bingwa wa dunia, chombo kilichomfikisha pale ni hicho hicho.

Sasa, tangu binadamu waanze kuanguka, wamekuwa wakirudisha mabega. Misri, kwenye kaburi la fundi mmoja anayeitwa Ipuy, kuna mchoro wa zaidi ya miaka 3,200. Wafanyakazi wako kazini, mmoja amelala chini, mwenzake ameshika mkono wake na kuukunja. Madaktari wengi wa mifupa wakiuona wanasema hapo bega linarudishwa.

Halafu wakaja Wagiriki. Kwenye maandishi yanayopewa jina la Hippocrates, mbinu ya yule beki wetu imeelezwa wazi: mgonjwa alale chali, mtabibu akae kando yake, aweke kisigino kwapani, avute. Na kwa mtu ambaye bega lake linatoka kila mara, walikuwa na dawa nyingine: chuma cha moto. Walichoma ngozi ya kwapa ili kovu likaze upande ambao mfupa hutorokea. Manze, fikiria hiyo bila nusukaputi.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini angalia vizuri: hawa watu walijua bega likitoka mara moja linaweza kuzoea kutoka, na walijua kurudisha mfupa si mwisho wa kazi. Sisi uwanjani hata hilo hatukulijua. Tulichukua kisigino, tukaacha akili iliyokuja nacho.

Mwaka wa 1870, daktari wa Uswisi, Theodor Kocher, alieleza njia isiyohitaji mguu: kiwiko kinakunjwa, mkono unazungushwa nje polepole, kisha unainuliwa na kuletwa mbele ya kifua. Utaratibu badala ya nguvu. Mwaka wa 1895 Röntgen akagundua eksirei, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuona ndani kabla ya kugusa. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba baadhi ya mabega "yaliyotoka" yalikuwa pia yamevunjika, na kwamba kuvuta mfupa uliovunjika ni kuongeza balaa. Kisha mwaka wa 1923, Mwingereza Blundell Bankart akaandika kwa nini bega hurudia kutoka: ule ukingo wa gegedu upande wa mbele unabanduka, na mlango unabaki wazi. Upasuaji wa kuurudisha una jina lake mpaka leo.

Unaona mwelekeo? Karne hizi zote hatukuwa tunajifunza kuvuta kwa nguvu zaidi. Tulikuwa tunajifunza kuvuta kidogo zaidi, kuangalia kwanza, na kutunza baadaye.

Na kwapa si mahali pa kukanyaga. Mshipa mkubwa wa damu wa mkono na neva zake zote hupita hapo. Neva moja huzunguka shingo ya mfupa wa mkono, ndiyo inayoinua mkono na kuleta hisia pembeni mwa bega. Inaweza kuumia bega likitoka lenyewe, na inaweza kuumia mtu akivuta. Kwa kipa wetu hatutawahi kujua ni lini, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anahisi ukimgusa pale kabla ya kuvuta.

Kwa hivyo bega la msee likitoka, usivute. Acha mkono ulivyo, uushike kwa leso ama jezi iliyofungwa shingoni. Muulize kama anahisi vidole na pembeni mwa bega. Asile wala asinywe, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mpeleke hospitali, apigwe picha kabla na baada. Na asirudi uwanjani wiki ijayo kwa sababu "limerudi." Ukiwa kijana, uwezekano wa kutoka tena ni mkubwa kuliko kwa mzee, na njia ya kuupunguza ni kupumzika kisha kuimarisha ile misuli minne.

Najua kuna mtu atasema, "lakini lilirudi." Ndiyo, lilirudi. Muulize kipa wetu akuonyeshe anavyovaa shati.