Kibra Kabla ya Mabati

Yasome majina ya vijiji vya Kibera polepole, utasikia jeshi likipita. Laini Saba ni mstari wa saba wa uwanja wa shabaha, pale askari walipofanyia mazoezi ya bunduki. Mashimoni, wazee watakwambia, ni mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya mazoezi hayo hayo. Kambi Muru imebeba jina la Wamoru, watu wa kusini mwa Sudan. Na Kibera yenyewe ni neno la Kinubi, kibra, yaani msitu, lililolegezwa na ndimi za wageni. Tangu 2013 eneobunge linaitwa Kibra, lakini makanga wa namba 8 bado wanaita Kibera, na sioni wakiacha hivi karibuni.

Naanza na majina kwa sababu miradi ya kuboresha mtaa huu huanza na picha iliyopigwa kutoka juu: mabati yenye kutu, reli, mto mchafu. Ukiangalia kutoka huko juu, ni rahisi kuamini kwamba watu walimwagika tu hapa, bila ruhusa na bila historia. Ukweli ni kwamba Kibera ilianzishwa na serikali.

Askari wenyewe walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa mkoa wa Equatoria uliokuwa chini ya Misri. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert, akawaajiri kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Hawakuwa kabila moja. Walitoka kwa Wamoru, Walendu, Waalur na wengine wengi. Kilichowaunganisha ni Uislamu, kambi, na Kiarabu cha kambini ambacho baadaye kilikuwa lugha kamili, Kinubi. Wakati kikosi cha King's African Rifles kilipoundwa 1902, wao ndio waliokuwa uti wake wa mgongo. Mwaka 1904 jeshi likawatengea ardhi kando ya Nairobi, na 1918 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Ekari 4,197.

Askari aliyemaliza miaka 12 ya utumishi alipewa kibali cha kujenga na kulima humo. Pensheni hakuna. Shamba ndilo lililokuwa pensheni. Lakini kibali si hatimiliki, na hapo ndipo kila kitu kilichofuata kilipoanzia. Mwingereza aliwataka karibu kwa sababu aliwahitaji, wao na wana wao, vitani. Alipopunguza haja hiyo, jeshi likakabidhi eneo kwa utawala wa kiraia mwaka 1928, na maofisa wakaanza kusema kwamba hawa ni wapangaji tu wa Mfalme, wanaweza kuondolewa wakati wowote. Kuwapeleka wapi, ndiyo ilikuwa shida. Wakikuyu na Wakamba walikuwa na maeneo yao kwenye vitabu vya mkoloni. Mnubi hakuwa na lake. Tume ya Carter, mapema miaka ya 1930, ilisema wasiondolewe bila fidia. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kulipa, wakabaki. Huko kubaki walikulipia wenyewe pia, na kwa njia ambazo hazipendezi sana kwenye vipeperushi: wanawake wa Kibra walipika pombe kali maarufu kama Nubian gin, na Nairobi nzima ikanywa.

Uhuru ulikuja na nyumba za mawe. Ayany, Olympic, Fort Jesus, Jamhuri: zote ziko juu ya ardhi ile ya hifadhi. Mimi nimekulia katika mojawapo ya estate hizo. Tulikuwa na geti, tanki la maji, na mwalimu wa dini wa Kinubi aliyekuja kufundisha watoto wa jirani jioni. Hakuna kibao popote kilichosema shamba hilo lilikuwa la babu ya nani. Kwetu Kibera ilikuwa ng'ambo ya barabara, si chini ya miguu yetu.

Wakati huo huo watu walikuwa wanamiminika Nairobi kutafuta kazi, na wenye nafasi Kibera wakajenga vyumba vya kupangisha. Wanubi walijenga. Waliojenga zaidi walikuwa watu wa nje waliopata ruhusa ya mdomo kutoka kwa machifu na maofisa, na unajua ruhusa ya mdomo hupatikanaje. Kijiji cha Kisumu Ndogo kilizaliwa, na jina hilo nalo ni kumbukumbu ya uhamiaji kama vile Kambi Muru. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Wanubi ni sehemu ndogo tu ya hao, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wao kuhesabiwa kama jamii yenye jina lake.

Hapa ndipo habari ya urithi inapokuwa nzito. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi alisema ardhi ya Kibera ni ya serikali na kodi ipunguzwe. Wapangaji wakasherehekea, malandlodi wakakataa, na katika wiki zilizofuata watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Aliyekuwa na kibali cha babu yake alimwona mpangaji kama mvamizi. Aliyelipa kodi kila mwezi kwa chumba kisicho na choo alimwona landlodi kama mnyonyaji. Wote wawili walikuwa na sababu, na yule aliyesema ardhi ni yake hakuwahi kulala hapo hata usiku mmoja.

Tangu hapo miradi imefuatana. Mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda ulianza 2004. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki zikahamishiwa fleti za Lang'ata kwa muda, na 2016 nyumba mpya 822 zikafunguliwa. Zina maji, zina choo ndani, na mtu anayezidharau hajawahi kupanga foleni ya choo saa kumi na moja asubuhi. Halafu Julai 2018 tingatinga zikapasua katikati kwa ajili ya barabara, na maelfu wakalala nje, shule zikiwemo kwenye vifusi.

Katikati ya hayo, Juni 2017, Wanubi wakapewa hatimiliki ya jamii. Ekari 288. Piga hesabu mwenyewe: ni chini ya asilimia 7 ya zile 4,197. Hata hivyo ni karatasi ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuiuza peke yake, na nadhani hiyo ndiyo kinga bora kuliko makumbusho yoyote. Nimesikia mapendekezo ya kuchora picha za wazee ukutani, kuandaa tamasha la ngoma ya doluka, kuuza vikapu kwa watalii. Sawa, sina ubaya na rangi. Lakini nyumba ya Kinubi ina ua, na uani ndimo harusi na matanga hufanyika. Fleti za ghorofa saba zenye korido moja ya giza hazina ua, hata ukichora mababu wote kwenye ngazi.

Kwa hivyo mimi ningeanza na michoro ya nyumba kabla ya michoro ya ukutani. Na ningeuliza swali ambalo hatimiliki haijibu: mama wa Kiluhya aliyepanga Laini Saba miaka 30, aliyezaa na kuzika watoto humo, anaingia wapi ndani ya ekari 288? Na mjukuu wa askari ambaye nyumba ya babu yake iliangukia nje ya mpaka huo?

Kila mradi ukija, makarani hupita mlango kwa mlango wakihesabu watu. Wewe ni mpangaji au mwenye nyumba? Chagua moja, namba inaandikwa mlangoni, karani anaenda mlango unaofuata.