Kutoka Uvivu hadi Utulivu: Majina ya Gesi Adimu katika Historia ya Nadharia ya Atomi

Istilahi ya kisayansi huundwa kwa maarifa ya siku yake, na mara nyingi huendelea kutumika hata baada ya maarifa hayo kupinduliwa. Makala hii inafuatilia hali hiyo katika kundi moja la elementi, yaani heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni na radoni, ambalo waandishi wa Kiswahili huliita ama gesi adimu ama gesi bwete.

Chanzo cha historia hii ni tofauti ndogo ya uzito. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alibaini kwamba lita moja ya naitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa na gramu 1.257, ilhali ile iliyopatikana kutokana na kampaundi ilikuwa na gramu 1.250 hivi. Wengi wangeipuuza tofauti hiyo. Yeye na William Ramsay hawakuipuuza, na mwaka 1894 wakatangaza elementi mpya isiyomenyuka na chochote walichoijaribu nacho. Waliiita agoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya asiyefanya kazi. Mwaka uliofuata Henri Moissan wa Ufaransa aliichanganya na florini, elementi kali kupita zote, bila mafanikio. Jina likaonekana kusadifu.

Mwaka 1898 Hugo Erdmann wa Ujerumani alipendekeza jina jingine, gesi za kiungwana, kwa kuzifananisha na dhahabu isiyoshika kutu. Ama jina “adimu”, lina udhaifu wake: agoni ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta, zaidi ya mara 20 ya kaboni dioksaidi, ambayo hakuna anayeiita adimu.

Sababu ya “uvivu” huo ilianza kueleweka mwaka 1916, pale Gilbert Lewis wa Marekani na Walther Kossel wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walipouhusisha na mpangilio wa elektroni. Sodiamu (2, 8, 1) hupoteza elektroni moja na klorini (2, 8, 7) hupokea moja. Zote mbili huishia na elektroni 8 za nje, kama zilivyo neoni na agoni. Hapa ndipo vitabu vingi vya kiada husema kwamba ganda la nje “limejaa”. Kwa neoni ni kweli. Kwa agoni (2, 8, 8) si kweli, kwani ganda la tatu lina uwezo wa kubeba elektroni 18. Kinachoituliza agoni ni kwamba kung’oa elektroni yake moja kunahitaji nishati kubwa, na elektroni ya ziada ingelazimika kukaa katika ngazi ya nishati iliyo juu zaidi.

Linus Pauling alitabiri mwaka 1933 kwamba zenoni ingeweza kuungana na florini, lakini jaribio lililofanywa wakati huo lilishindwa, na imani ya uvivu ikaendelea kufundishwa. Mwaka 1962, nchini Kanada, Neil Bartlett alikuwa ameona heksafloridi ya platinamu ikinyang’anya molekuli ya oksijeni elektroni. Alitambua kwamba nishati ya kung’oa elektroni ya zenoni (kilojuli 1170 kwa moli) inakaribiana sana na ile ya oksijeni (1175 hivi). Akachanganya zenoni na heksafloridi hiyo ya platinamu, na papo hapo ikatokea yabisi ya rangi ya manjano. Mwaka 2000 watafiti wa Helsinki walipata kampaundi ya agoni yenyewe, katika baridi kali mno.

“Bwete”, basi, ni tafsiri aminifu ya kosa la 1894. Humwambia mwanafunzi kwamba hakuna cha kutafuta. Tunapendekeza “gesi tulivu”: utulivu ni hali yenye kiwango, nao huweza kuvurugwa, kama bahari inavyochafuka upepo ukivuma. “Gesi adimu” inaweza kubaki kuwa kisawe kwa ajili ya wasomaji walioizoea, lakini “gesi bwete” isiingizwe katika vitabu vipya vya kiada.