Kabla Uulize Kampuni Gani ya Kubeti Farasi, Uliza Farasi Mwenyewe Yuko Wapi

Vijana wa Wusi mpaka Voi mnanitumia meseji moja kila wiki: "Buda, kampuni gani iko na odi poa za farasi?" Nitajibu, lakini tupitie historia kwanza. Mwenye haraka aruke mpaka chini, shauri yake.

Farasi si mnyama wa milima yetu. Waliofika Taita Taveta kwa wingi waliletwa na vita. Mwaka 1916, jeshi la Jenerali Smuts likipigana na Wajerumani pande za Salaita na Taveta, lilikuwa na maelfu ya farasi. Mbung'o na magonjwa yakawamaliza. Mizigo ikabebwa vichwani na Waafrika wa Carrier Corps, na jina hilo ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi. Pande hizo hizo za Kariokor ndiko walowezi walikuwa na uwanja wa mbio za farasi, mpaka 1954 ukahamia Ngong Road. Uko huko hadi leo.

Uwanjani watu walibeti kwa njia mbili. Ya kwanza ni tote, wazo la Joseph Oller wa Paris, miaka ya 1860. Pesa zote zinawekwa chungu kimoja, mwenye mchezo anakata fungu lake, zinazobaki wanagawana walioshinda. Hapo unashindana na wabetiji wenzako. Njia ya pili ni kampuni kukupangia odi. Hapo unashindana na kampuni.

Bunge likapitisha sheria ya kamari mwaka 1966. M-Pesa ikaja 2007, na kutoka hapo hukuhitaji tena nauli ya kwenda Ngong Road. Sasa uwanja uko mfukoni, na farasi wengi mnaowabetia si farasi. Ni katuni za kompyuta.

Hapa ndipo kuna tofauti kubwa. Farasi wa kweli ana rekodi, ana mpandaji, ana uzito aliobeba. Ukimsoma unaweza kujua kitu. Katuni haina mguu wa kuumia. Mshindi anatoka kwa namba za kubahatisha, kwa hivyo hakuna "tipu" ya kununua. Anayekuuzia anakula jasho lako.

Sasa hesabu mliyongoja. Tuseme katuni sita zenye nafasi sawa. Odi ya haki ni 6.00, lakini kampuni inakupa 5.00. Weka mia kwa kila moja: umetoa 600, umerudishiwa 500. Kulinganisha kampuni, gawanya 1 kwa odi ya kila farasi, kisha jumlisha. Kinachozidi 1 ndicho chao. Yenye jumla ndogo ndiyo nafuu.

Lakini nafuu haimaanishi faida. Hata tote ilikata, tena wakati mwingine zaidi. Ila mbio za Ngong Road ni chache kwa siku, halafu watu wanaenda nyumbani. Katuni zinakimbia kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Fungu dogo likikatwa mara mia linamaliza chungu chote.

Kwa hivyo jibu langu: kampuni poa ya kubeti katuni hakuna. Kuna inayokumaliza haraka na inayokumaliza polepole. Ukitaka farasi, panda gari uende umwone akitoa jasho. Mnasemaje? Nangoja mnipinge kwa hesabu, si kwa matusi.