Chungu cha Tet: Historia ya Nguruwe wa Sukari Kusini mwa Vietnam

Tet inapokaribia, yaani mwaka mpya wa Vietnam unaofuata kalenda ya mwezi, nyumba nyingi za kusini mwa nchi hiyo hubandika chungu kikubwa cha thit kho: vipande vinene vya nyama ya nguruwe yenye ngozi na mafuta, mayai ya kuchemsha, maji ya dafu, nuoc mam (sosi ya samaki), na sukari iliyounguzwa hadi ikawa ya kahawia iliyokolea. Wengi hukieleza chakula hiki kwa neno moja tu, kwamba kimetoka China. Mimi naona kimetengenezwa na ardhi, bahari na biashara ya Vietnam yenyewe, na ushahidi umo ndani ya chungu.

Wanaoitaja China wana hoja nzito. Mwaka 1679 takriban wafuasi 3,000 wa nasaba ya Ming iliyoangushwa waliwasili kwa merikebu, na watawala wa ukoo wa Nguyen wakawaruhusu kukaa Bien Hoa na My Tho, miaka 19 kabla utawala wa Kivietnam haujasimikwa rasmi Gia Dinh, yaani eneo hilo la kusini. Kwao, nguruwe mwenye mafuta alikuwa akipikwa kwa moto mdogo tangu karne nyingi, na hadi leo wapishi wa China huunguza sukari ili nyama ipate rangi. Kwa hiyo sidai kwamba ufundi wenyewe ulizaliwa kwenye delta ya Mekong. Lakini mpishi hupika kwa kilichopo sokoni. Chungu cha China hukolezwa kwa sosi ya soya na divai ya mchele. Hiki cha kusini mwa Vietnam hupata chumvi yake kwenye nuoc mam, maji yanayochujwa kutoka kwa dagaa waliolazwa na chumvi ndani ya mapipa ya mbao kwa takriban mwaka mzima. Kisiwa cha Phu Quoc kimesifika kwa kazi hiyo hata Umoja wa Ulaya ukalilinda jina lake mwaka 2012. Sukari nayo haikuwa ya kuagizwa mbali: miwa ilistawi Quang Nam na Quang Ngai, na katika karne ya 17 na ya 18 bandari ya Hoi An ilipeleka sukari China na Japani. Ben Tre, nchi ya minazi, walikwenda mbele zaidi. Huko maji ya nazi huchemshwa kwa saa nyingi mpaka yawe rojo jeusi, na rojo hilo ndilo hutia mchuzi rangi.

Linganisha na kaskazini. Huko Tet huja wakati wa baridi, na watu hupika thit dong, nyama ya nguruwe inayoachwa igande pamoja na mchuzi wake. Kusini kuna joto, mchuzi haugandi, hivyo chungu chenye chumvi na sukari hupashwa tena na tena katika zile siku za kwanza ambazo kwa desturi masoko yalifungwa. Sikukuu moja, mnyama mmoja, vyungu viwili.

Yuko atakayepinga akisema kwamba familia zilizohamia Marekani baada ya vita vya Vietnam kuisha mwaka 1975 mara nyingi hutumia soda ya nazi ya kopo, kwa hiyo dafu si la lazima. Naona jambo hilo linaipa nguvu hoja yangu. Katika nchi ya ugenini, yenye sosi ya soya tele madukani, watu hao walihangaika kutafuta ladha ya nazi.

Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kopo. Atie maji ya dafu, si tui, na asiogope kuiacha sukari iungue mpaka ianze kuwa na uchungu kidogo, kwa kuwa uchungu huo ndio unaokata mafuta ya nyama. Ikiondolewa motoni ingali ya dhahabu, mchuzi utakuwa mtamu tu.